Masika ya Kumbeba Bonge

Jumamosi, 9 Machi

Mvua imeanza leo, na watoto nao hawakutaka kubaki nyuma. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, amepasuliwa mchana. Presha ilikuwa juu tangu jana, mpaka akawa anaona watu kama wako nyuma ya chandarua, na daktari akasema kungoja zaidi ni kucheza na roho tatu. Ni mapacha. Wamekuja wiki tano kabla ya siku zao. Wa kiume ana kilo mbili na kitu. Wa kike hajafika hata hizo mbili.

Mdogo wangu yuko mbali, kwenye kazi yake ya minara ya simu. Yeye ndiye anayewapandishia watu mtandao na yeye ndiye asiyepatikana. Nimepiga mpaka nimechoka. Mama yetu naye alipiga vigelegele koridoni hadi mlinzi akamwomba akamalizie nje.

Jumapili, 10 Machi

Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga ni mama mpana mwenye sauti ya chini. Wazazi wanamwita Bi Mizani, kwa sababu hapiti karibu na mtoto bila kumpima uzito. Asubuhi alitukuta mimi na mama tumesimama kama wageni wa harusi waliokosa viti.

"Watoto wawili, kifua cha mama ni kimoja," alisema. "Hawa hawana mafuta mwilini, wanapoa upesi kama chai iliyoachwa wazi. Nani atambeba wa pili?"

Mama ana kikohozi, akakataliwa. Nikabaki mimi.

"Mimi sijazaa," nilimwambia.

"Sijakuuliza hilo. Nimeuliza kifua."

Basi nikavua blauzi nyuma ya pazia, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mwalimu wa udereva ninayeogopwa na wanafunzi. Nikawekewa yule wa kiume kifuani, ana nepi na kofia tu, ngozi kwa ngozi, nikafungwa naye kwa kitambaa. Alijikunja chini ya kidevu changu, akatulia. Sikujua pa kuweka mikono.

Kwenye kitanda cha mbele yangu alikuwa wifi na yule wa kike. Tangu aolewe, mimi na yeye hatujawahi kuvuka salamu. Anajibu maneno mawili, anainamisha kichwa, basi. Nyumbani tunasema ana maringo. Leo tumekaa tunatazamana, vifua wazi, na bado hatukuwa na la kusema. Yeye alitazama dari, mimi nikatazama ndoo inayokinga matone ya paa.

Jumatatu, 11 Machi

Wamemchoma yule wa kiume kisigino tena na tena, kumpima damu. Sukari ilikuwa chini, ikapanda, ikashuka, ikapanda. Mvua vilevile.

Jumanne, 12 Machi

Kina mama wa wodini wameshawapa watoto majina. Wangu ni Bonge, kwa sababu akilazwa kando ya dada yake anaonekana kama mtu aliyemlia mwenzake chakula tumboni. Dada yake ni Kidogo. Kila anayepita anamsikitikia Kidogo, aliyewekwa mrija puani wa kupitishia maziwa. Bonge wanampongeza.

Ila Bonge hanyonyi vizuri. Anavuta kidogo, kisha analala titi likiwa mdomoni. Wifi anakamua maziwa tone kwa tone kwenye kikombe. Bi Mizani akipita anasema, "Haba na haba," na wodi nzima inaguna, maana anasema hivyo kila siku.

Daktari wa watoto ni kijana mwenye macho ya mtu aliyesahau kitanda chake kilipo. Alisimama kwetu muda mrefu kuliko kwa wengine.

"Watoto wa wiki thelathini na tano ni waongo," alisema. "Sura ni ya mtoto aliyetimia, lakini ndani bado. Ini halijaizoea kazi, wanasahau kunyonya, wengine wanasahau hata kupumua. Huyu mwenye mwili msimwamini kuliko yule mdogo."

Mama alicheka. Wifi hakucheka.

Jumatano, 13 Machi

Mgongo.

Alhamisi, 14 Machi

Tumeruhusiwa. Wodi imefurika, vitanda vingine vina kina mama wawili. Kidogo ametolewa mrija, na ananyonya kama mtu mwenye safari. Kabla hatujatoka, Bi Mizani alimpeleka Bonge dirishani, akambonyeza paji la uso kwa kidole, akaangalia rangi ya ngozi pale alipoachia. Alimwangalia sana. Mawingu yalikuwa mazito, hakukuwa na mwanga wa kumwonyesha kitu.

"Ana umanjano kidogo," alisema. "Mleteni Jumamosi tumpime. Akikataa kunyonya, msingoje Jumamosi."

Wifi atajiuguza kwa mama. Mdogo wangu amepatikana hatimaye, akalia kwenye simu, kisha mtandao ukakatika. Nami nimeambiwa nihamie kwa mama nisaidie. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa Bonge siku ya kwanza.

Ijumaa, 15 Machi

Nilirudi kazini. Mwanafunzi mmoja aligonga nguzo, akailaumu nguzo.

Jioni niliukuta ugomvi wa kimyakimya nyumbani. Wifi alisema Bonge amelala mchana kutwa, na akimwamsha anyonye anavuta mara mbili tu na kulegea. Mama alisema mtoto anayelala ni mtoto mwenye afya, yeye amelea wanne na hakuna aliyekufa kwa usingizi.

"Mama, mimi simwelewi huyu mtoto," wifi alisema. "Naomba turudi hospitali."

"Mwanangu, wewe una presha. Ukianza kuzisikiliza pumzi za mtoto utalala wewe hospitali." Mama akanigeukia. "Mwambie mwenzio."

Nikamwambia. Nikasema mvua yenyewe ndiyo hii, barabara ya sokoni imejaa maji, na kesho ni Jumamosi, tutakwenda kama tulivyoagizwa. Nikamwambia apumzike. Nilitumia upole wote nilionao, na bado maneno yalitoka kama ninavyozungumza na mtu aliyefeli mtihani.

Aliinamisha kichwa, akaingia chumbani. Nikawaza, maringo hayo. Baadaye kidogo nikawaza labda siyo. Lakini nimechoka, na kitanda kiko hapa.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la koridoni. Sijui nianzie wapi, basi naanzia asubuhi.

Kulipokucha wifi aliingia chumbani nilimolala bila kubisha hodi. Alikuwa amemshika Bonge kwenye taulo. Alivuta pazia, akamfunua, akamwelekeza kwenye mwanga. Mtoto alikuwa wa manjano kichwa mpaka nyayo, na weupe wa macho umekuwa kama kiini cha yai. Niliunyanyua mkono wake, nikauachia. Ulianguka kama kitambaa.

"Sikuombi ruhusa tena, wifi," alisema. "Ama unanipeleka, ama nakwenda kwa miguu."

Gari la mafunzo lilikuwa limelala uani kwetu, kwa sababu jana nilimaliza kazi nimechelewa. Ni gari dogo lenye kibao kikubwa cha mwanafunzi juu ya paa. Kidogo alibaki na mama na kikombe cha maziwa. Wifi alikaa nyuma na Bonge kifuani, tukatoka.

Barabara ya sokoni ilikuwa mto. Malori yalikuwa yamesimama yakitafakari. Nilipanda ukingo wa barabara, nikapita kwenye njia ya waenda kwa miguu, nikapiga honi kama mwendawazimu, nikavunja kila sheria ninayofundisha. Watu walinipisha. Nani atabishana na gari la mwanafunzi linalokuja mbio?

Kwenye kioo nilimwona wifi akizisugua nyayo za mtoto na kumsemesha. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. "Amka, baba. Amka, baba yangu. Hata hujaniudhi bado. Amka uniudhi."

Mlangoni tulikutana na Bi Mizani akiingia zamu, mwavuli mkononi. Alimpokea mtoto kabla hajaufunga. Mwavuli ulibaki palepale chini, ukijaa maji.

Walimchukua damu, wakamtia sindano ya mshipa kichwani, wakamlaza chini ya taa za buluu na kumfunika macho. Mguuni wakamfunga waya wa mashine inayosoma pumzi na mapigo. Umanjano ulikuwa juu sana. Sukari chini, joto chini, na huenda kuna maambukizi pia. Daktari alikuwa bado anatueleza wakati kengele ya mashine ilipolia. Niligeuka nikaona midomo ya Bonge imebadilika rangi, na kifua kimetulia tuli. Bi Mizani alimpiga unyayo kwa vidole. Mtoto hakushtuka. Akampiga tena. Akachukua barakoa ndogo yenye mfuko wa hewa, akambonyezea taratibu, huku midomo yake mwenyewe ikitembea kama anayesoma. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda chenyewe.

Wifi alikuwa ameushika mkono wangu. Ameacha alama za kucha.

"Umanjano huu umekaribia kiwango cha kumbadilisha damu," daktari alisema. "Ukizidi unaingia kwenye ubongo. Unaweza kuchukua masikio, unaweza kuchukua zaidi ya masikio. Tunaanza na taa na dawa. Nani aligundua?"

"Mama yake," nilisema. "Tangu jana."

"Na jana mlikuwa wapi?"

Wifi aliangalia sakafu. Angeweza kunitaja, hakunitaja.

"Jana mimi nilisema kuna mvua," nilijibu.

Daktari aliandika kitu kwenye faili. Nadhani hakuwa na nguvu za kunikasirikia.

Baada ya hapo wifi aliteleza ukutani akakaa chini. Wakampima, presha imepanda tena. Ameamriwa arudi nyumbani, ameze dawa na alale. Tena Kidogo haruhusiwi kuingia wodi ya wagonjwa asije akaambukizwa, na Kidogo hawezi kuachwa bila titi. Kwa hiyo imeamuliwa yeye akae na Kidogo, mimi nikae na Bonge. Sijui nani aliamua. Nilijikuta nimeitikia.

Kabla hajaondoka alinishika bega. "Wifi, akilegea mvue soksi. Anachukia baridi ya miguu, atanuna na kunyonya. Na kikombe usikiinamishe. Kiguse tu kwenye mdomo wa chini, umwache aulambe mwenyewe."

Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Jumapili, 17 Machi

Bonge yuko chini ya taa, amefungwa macho. Kengele imelia, akaguswa unyayo, akapumua. Imelia tena. Umanjano haujapanda, haujashuka.

Jumatatu, 18 Machi

Mwenye shule ya udereva amepiga simu akitaka gari lake. Nikamwambia liko hospitali. Akauliza, "Gari linaumwa nini?" Nilicheka mpaka mama wa kitanda cha jirani akaniletea maji, akidhani nalia. Mwenye gari amekuja kulichukua, akaniacha na ruhusa ya kukaa mpaka mtoto apone na mwavuli wake.

Umanjano umeshuka kidogo. Daktari amesema neno "kidogo" mara nyingi.

Jumanne, 19 Machi

Leo mchana radi ilipiga na umeme ukakatika. Taa za buluu zilizimika zote pamoja, na wodi ikawa ya kijivu. Jenereta lilikohoa nje, likakohoa tena, likanyamaza.

"Vifuani," Bi Mizani alisema, kama mtu anayeagiza chai. "Kila mtoto kifuani kwa mtu wake mpaka umeme urudi."

Nilifungua vifungo. Alinifunga Bonge, waya ukaachwa mguuni, maana ile mashine ina betri yake. Tulikaa hivyo tukisikiliza mvua juu ya bati. Nilikuwa nasinzia. Halafu kitu kikakosekana. Sijui nieleze vipi. Kuna mwendo mdogo ambao kifua changu kilikuwa kimeuzoea, nao haukuwepo. Nilishaanza kumsugua unyayo kabla kengele haijalia. Nilimsugua, nikamwita, nikamvua soksi. Alivuta pumzi kwa hasira, akakunja uso, akalia.

Bi Mizani alikuwa amefika. Aliangalia mashine, akaniangalia mimi. "Endelea hivyohivyo," alisema, akaenda kwa mwingine.

Nimekaa nikiifikiria Ijumaa. Wifi hakuwa na mashine wala kengele, alijua hivihivi, akatuambia. Tukamtuma akalale.

Alhamisi, 21 Machi

Umanjano umeshuka vizuri. Hakuna tena mazungumzo ya kubadilisha damu. Maambukizi yapo, dawa ya sindano itaendelea.

Wifi anakuja kila siku na maziwa kwenye chupa aliyoifunga kwa taulo. Leo mvua ilimzuia kurudi, tukakaa benchini. Kimya chake sasa nimekizoea, lakini leo nilikuwa nimechoka kiasi cha kusema ukweli.

"Nyumbani tunasema una maringo," nilimwambia.

"Najua. Kuta za mama ni nyembamba."

Nilitamani benchi linimeze.

"Si maringo, wifi," alisema. "Nyumbani kwenu mnaongea wote pamoja. Nikishapata neno la kusema, nyinyi mmeshahamia jambo lingine. Basi naliweka."

"Umeyaweka mengi?"

Alifikiri. "Yanatosha kugombana mwaka mzima."

Tulicheka tumeshikana mabega, mawifi wawili wanaonuka maziwa.

Jumapili, 24 Machi

Mama amekuja; Kidogo amemwachia jirani. Alisimama kwenye kioo cha wodi akamtazama Bonge na waya wake, kisha akaketi benchini kati yangu na wifi. Alionekana mfupi. Akaanza kunihurumia: nimekonda, nina kazi yangu, nirudi nikapumzike, presha ya wifi imetulia na yeye sasa ndiye akae hapa, Kidogo watamkamulia maziwa.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema.

Najua hakukusudia kunichoma. Ni methali tu, anayo moja kwa kila jambo. Lakini ilinipata mahali ambapo sina ngozi. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Wifi akasema, bila kuinua sauti, "Basi huyu ana wazazi wawili wa kike, mama. Tumwache wifi yangu akae, mtoto ameshazoea mapigo yake."

Nilisubiri methali nyingine, haikuja. Baadaye mama aliiokota chupa tupu ya maziwa, akasema kuanzia kesho ataileta yeye, wifi asitembee kwenye matope na kidonda cha upasuaji. Ilikuwa ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Mvua. Soksi zote zimelowa, zangu na zake.

Jumatatu, 1 Aprili

Leo kengele haikulia hata mara moja. Amemaliza kikombe. Nilisinzia nimekaa, nikaamka naye ananitazama.

Jumamosi, 6 Aprili

Bonge ametoka. Bi Mizani alimpima mara mbili, na ile ya pili ilikuwa ya kuagana. Alisema, "Nenda ukavae blauzi yako vizuri," nikaona nimefunga vifungo upande upande.

Mdogo wangu amefika leo, amekonda na ana matope mpaka magotini. Alimpokea mwanawe kama anayepokea sinia la mayai. "Dada," alisema, "nimekosa yote." Nilimwambia hajakosa, nepi bado zipo nyingi.

Jumatano, 24 Aprili

Kliniki. Wote wawili wamepimwa uzito, na Kidogo anamkaribia kaka yake. Itabidi tutafute majina mengine ya utani.

Kisha wakampima Bonge masikio, kwa kijimashine chenye kidude cha kuingiza sikioni. La kulia lilijibu mara moja. La kushoto halikujibu. Wakasafisha, wakarudia. Halikujibu.

"Ni ule umanjano?" wifi aliuliza. Siku hizi anauliza mwenyewe, tena wa kwanza.

"Huenda," daktari alisema. "Huenda ni majimaji tu yaliyobaki ndani. Sijui, na sitaki kukudanganya. Tutarudia kipimo mwezi wa sita."

Njiani mama alimshika Bonge, akamwimbia upande wa kulia, akambadilisha mkono, akamwimbia upande wa kushoto.

Nimeifikiria tena ile Ijumaa. Nilimwambia wifi hivyo tulipobaki wawili jikoni: kama tungekwenda siku ile. Alikuwa anaosha chupa. Hakuniambia si kosa langu. Alisema, "Nami nimelifikiria hilo. Nimekasirika, nimemaliza. Nipe hiyo nyingine nioshe."

Jumapili, 28 Aprili

Nimerudi kwangu, kwenye chumba changu cha kupanga. Mvua inapungua. Nilimkabidhi Bonge kwa mama yake, mtoto akalia, kisha akazoea. Ndivyo inavyotakiwa. Nililala mchana kutwa na kuamka nimechoka zaidi.

Jumatatu, 29 Aprili

Kazini. Kifua ni chepesi mno.

Jumamosi, 4 Mei

Wanafunzi. Matope. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 10 Mei

Leo jua lilitoka tangu asubuhi. Jioni nilikuwa navua viatu wakati wifi alipopiga simu. Nyuma yake Bonge alikuwa analia kwa sauti ya mtu anayedai haki.

"Wifi, huyu hanyamazi tangu saa kumi. Ameshiba, ni mkavu, hana joto. Mwongeleshe."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Nimemlaza ubavu, sikio la kulia limeziba kifuani kwangu. Simu naiweka kushoto."

Nilielewa anachofanya. Nilikaa kitandani, kiatu kimoja mguuni. Nikakosa la kusema, mimi ninayeongea kutwa nzima kwa riziki yangu. Basi nikaanza kumfundisha kugeuza gari kwenye barabara nyembamba. Nikamwambia: kwanza simama pembeni kabisa. Tazama nyuma, usitegemee kioo. Kata usukani wote, nenda polepole, hakuna anayekukimbiza. Ukifika ukingoni, simama. Rudi nyuma. Usione aibu kurudi nyuma.

Kilio kilipungua. Kikawa manung'uniko. Kikakatika.

"Wifi?" niliita. "Amelala?"

"Hapana. Macho yako wazi."

"Labda amechoka kulia."

"Labda," alisema. "Ukinyamaza anakunja uso. Endelea."

Nikaendelea.